Vioo viwili kwenye Linux: kabla hujapiga Windows, geuza boksi uhesabu matundu

*"Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo karibu na UDOM, kazi kubwa ni kuchapa na kupanga tafiti za wanafunzi. Kompyuta yangu ni ya mezani, Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, na mdogo wangu aliniwekea Linux Mint mwaka jana baada ya Windows kunisumbua na virusi. Kioo changu ni cha inchi 18.5. Mwezi uliopita nilinunua kingine cha inchi 22 ili huku nifungue kazi ya mwanafunzi, huku nichape. Dukani wakaniuzia na spilita ya HDMI, wakasema chomeka tu. Vioo vyote vinawaka lakini vinaonyesha kitu kilekile, na kile kipya maandishi yake yana ukungu. Nikajaribu kukiunganisha kwa waya wa zamani wa bluu. Hapo kikawa na sehemu yake peke yake, ila kila kitu kikawa kikubwa kama bango, na kwenye mipangilio hakuna 1920. Fundi wa jirani anasema Linux haiwezi vioo viwili, anataka kupiga Windows upya. Mume wangu ananiuliza hela ya kioo imeenda wapi. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mume wako hela ya kioo ipo, imekaa mezani inasubiri waya unaofaa. Na huyo fundi wa jirani mwombe asubiri kidogo na flashi yake. Akikupigia Windows leo, kesho asubuhi utawasha na vioo vyote viwili vitaonyesha kitu kilekile kama jana. Spilita haijui kama nyuma yake kuna Linux, Windows au king'amuzi cha televisheni. Inachukua picha moja na kuitoa mara mbili, basi.

Tena ushahidi unao wewe mwenyewe, ila umeupita haraka. Ulipochomeka waya wa bluu, kioo kipya kilikuwa "na sehemu yake peke yake". Hapo Linux yako ilikuwa inaendesha vioo viwili. Picha ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini ubaya wa picha ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine. Umechanganya matatizo mawili, na wanaokushauri nao wameyachanganya.

Tuanze na spilita. Fikiria spika mbili zilizofungwa kwenye maiki moja, moja ndani ya msikiti na nyingine uani. Ukiongeza spika, imamu hawezi kusema jambo hili kwa walio ndani na lile kwa walio nje. Atakayetaka maneno mawili tofauti anahitaji maiki mbili. Kwa kompyuta, maiki ni tundu la picha nyuma ya boksi. Kila tundu linaweza kubeba picha yake, na ukichomeka spilita kwenye tundu moja, hata yenye njia nne, bado una picha moja.

Na ule ukungu unatoka wapi? Kila kioo cha kisasa kina chipu ndogo yenye kitambulisho chake, inayoitwa EDID. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu, lakini humo mna kampuni iliyokitengeneza, modeli, mwaka, ukubwa kwa sentimita na vipimo vya picha kinavyoviweza. Ukichomeka waya, kompyuta inauliza "wewe nani?" na kioo kinajibu. Ndivyo Linux inavyojua kwamba kioo kile ni cha nukta 1920 kwa 1080 bila wewe kuiambia. Sasa weka spilita katikati: vioo viwili, vitambulisho viwili, na kompyuta ina sikio moja upande huo. Spilita nyingi za bei ndogo hupitisha kitambulisho cha kioo kimoja tu. Kioo chako cha zamani, kama vingi vya inchi 18.5, kitakuwa cha 1366 kwa 768. Kompyuta ikaandaa picha ya nukta 1,049,088, ikaitupa kwenye kioo kipya chenye nafasi ya nukta 2,073,600. Kioo kikainyoosha ijae. Nguo ya mtoto ukimvalisha mtu mzima itaingia, lakini mishono utaiona.

Waya wa bluu, yaani VGA, kisa chake kinafanana. Ndani yake kuna nyaya za rangi nyekundu, kijani na bluu, nyaya za kuongoza picha, na nyaya mbili nyembamba zinazobeba kile kitambulisho, pini namba 12 na 15. Baadhi ya viwanda hubana gharama na kuziacha nyaya hizo. Picha inapita, utambulisho haupiti. Linux ikiuliza "wewe nani?" na kukuta kimya, haibahatishi, inatoa kipimo cha usalama ambacho karibu kila kioo kinakiweza: 1024 kwa 768. Ndiyo maana maandishi yako yakawa kama bango la mkutano wa hadhara, na ndiyo maana 1920 haikuonekana kwenye orodha. Haikufichwa, kompyuta haikuambiwa kwamba ipo.

Sasa inuka, zima kila kitu, geuza boksi. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, kizazi cha 3 cha Intel, nyuma ina tundu moja la VGA la bluu na matundu mawili yanayofanana na HDMI lakini yamekatwa kona moja tu. (Dell walilirudia jina hilo la 7010 mwaka 2023 kwenye mashine nyingine kabisa, lakini ya mtumba inayouzwa kwetu kwa kawaida ni ile ya zamani. Nasema mtumba wa dukani, siyo Mtumba ya Mji wa Serikali.) Hayo matundu ya kona moja ni DisplayPort. Boksi lako halina tundu la HDMI hata moja, kwa hiyo kioo chako cha kwanza lazima kinapita kwenye adapta fupi iliyochomekwa kwenye mojawapo ya hayo mawili. La pili limekaa bure miaka yote, huenda bado lina kifuniko chake cha plastiki.

Tiba yako iko hapo. Ondoa spilita. Kioo cha kwanza kibaki kwenye adapta yake, na kioo kipya kipate adapta ya pili ya aina hiyohiyo kwenye tundu la pili. Kama kioo kipya kina tundu la DisplayPort lenyewe, nunua waya wa DisplayPort mwanzo mwisho, usahau adapta.

Kuna mtego mmoja dukani. Adapta unayoitaka inatoka DisplayPort kwenda HDMI. Zipo zinazotoka HDMI kwenda DisplayPort, na kwa macho ya haraka zinafanana, lakini njia ni ya upande mmoja na ukiigeuza haifanyi kazi. Maneno yakikupotea, nenda na adapta yako ya zamani mkononi useme "nipe pacha wake". Huhitaji ya gharama kubwa. Matundu ya Dell hii yanaweza kutoa mawimbi ya HDMI yenyewe, adapta inarekebisha volti na umbo la kichwa tu, kwa hiyo ya kawaida inatosha kwa 1920 kwa 1080.

Na wakati wa kuchomoa: vichwa vingi vya DisplayPort vina kulabu mbili ndogo na kitufe juu yake. Bonyeza kitufe ndipo uvute. Mimi niliwahi kuvuta kwa haraka, mteja amesimama mbele yangu, nikaondoka na waya pamoja na kipande cha tundu. Gharama ya ubao mama wote ilikuwa yangu siku hiyo.

Jingine la usalama, na hili ni la kwetu hasa. Fremu nyingi za kupanga soketi zake hazina ethi, yaani waya wa ardhini, inayofanya kazi. Ukigusa bati la boksi ukasikia kama sisimizi wanatembea kwenye vidole, ndiyo hiyo. Ongeza hewa kavu ya Dodoma kuanzia Mei hadi mvua zianze, ambapo hata kuvua sweta kunatoa cheche, na unaweza kuelewa kwa nini matundu ya picha hufa ghafla. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha nyaya za picha, chomoa umeme wa boksi na wa vioo vyote. Unganisha, kaza skrubu kama ni VGA, ndipo uwashe: vioo kwanza, boksi baadaye.

Ukishawasha, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

xrandr --query

Itakuja orodha ndefu, usiogope. Tafuta mistari yenye neno connected. Lisomeke hivyo lenyewe, maana disconnected nalo limo. Utashangaa kuona majina kama HDMI-1, HDMI-2, DP-1, DP-2, mengi kuliko matundu yaliyopo, na utajiuliza HDMI imetoka wapi wakati boksi halina. Kila tundu la DisplayPort la aina yako lina majina mawili: ukichomeka waya wa DisplayPort linaitwa DP, ukiweka adapta ya kwenda HDMI linavaa jina la HDMI. Nimeona mafundi wazuri wakizunguka nusu saa kwa sababu ya hili.

Mstari wa kwanza kabisa utakuwa na maneno kama current 3286 x 1080. Namba hiyo ndiyo siri ya mpango mzima. Linux Mint kwa kawaida haioni meza mbili. Inatandika mkeka mmoja mkubwa, halafu kila kioo ni dirisha linalotazama kipande chake cha mkeka. 1366 ya kioo cha zamani ukiongeza 1920 ya kipya, unapata 3286. Mbele ya kila kioo utaona mahali dirisha lake linapoanzia: 1366x768+0+0 ni kile kilichoko mwanzo wa mkeka, 1920x1080+1366+0 ni kile kinachoanza pale cha kwanza kinapoishia. Ukiona vyote viwili vinaanzia +0+0, basi vinatazama kipande kilekile, yaani vinaakisiana, na hapo tatizo ni mpangilio tu.

Kupanga huhitaji amri. Fungua Menyu, andika display, utaona mistatili miwili yenye namba. Buruta mstatili wa kioo kipya uukae upande kilipo kweli mezani. Watu wengi huruka hatua hii halafu wanalalamika panya anapotea: kioo kiko kushoto kwao, kompyuta inadhani kiko kulia. Kisha angalia kimo. Vioo vyako havilingani, 768 na 1080, tofauti yake nukta 312. Ukiipanga juu ilingane, chini ya kioo kipya kutakuwa na ukuta wa nukta 312 ambapo panya atagonga na kukataa kuvuka kwenda kioo kidogo. Hajaharibika. Upande wa pili hapo hakuna mkeka. Panga mistatili ifuate macho yako yanavyoona mezani, hilo litatoweka.

Kioo kikubwa kifanye cha msingi na ukiweke usoni kwako kwa kuchapa. Kidogo kiwe pembeni kwa kazi ya mwanafunzi. Na hapa nina wazo linalofaa kazi yako. Kioo cha inchi 18.5 upana wake ni kama sentimita 41 na kimo sentimita 23. Ukikisimamisha wima, upana unakuwa 23, na karatasi ya A4 ina upana wa 21. Ukurasa mzima wa utafiti unakaa hapo kwa ukubwa wake halisi, kichwa hadi tanbihi, bila kusogeza. Kwenye mipangilio hiyohiyo kuna sehemu ya kuzungusha picha. Ubaya wake: stendi za vioo vya bei ndogo hazizunguki, utalazimika kukifunga ukutani au kwenye mkono wa chuma, na vioo hivyo vya zamani ukivitazama kwa pembe rangi hubadilika, na vikisimama wima pembe hiyo inaangukia machoni pako. Kijaribu kwa kukiegemeza kwenye vitabu jioni moja kabla hujatoa hela.

Ukibonyeza kuthibitisha, Mint inaandika mpangilio kwenye faili dogo ndani ya folda ya .config, ikiunganisha kitambulisho cha kila kioo na tundu lake. Kwa hiyo ukibadilishana nyaya siku ya usafi, kwa kompyuta hao ni wageni na utapanga upya. Weka alama ya kalamu kwenye kila waya. Vumbi letu litakulazimisha kuzichomoa, hilo halina mjadala.

Je, ukiwa huna hela ya adapta wiki hii? Rudi kwenye VGA, lakini azima waya mwingine, ikiwezekana ule mnene uliokuja na kioo kwenye boksi lake. Mara nyingi 1920 itatokea yenyewe, na kitufe cha Auto kwenye kioo kitanyoosha picha iliyokaa upande. Kuna na njia ya kulazimisha kipimo kwa amri:

xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync

xrandr --addmode VGA-1 "1920x1080_60.00"

xrandr --output VGA-1 --mode "1920x1080_60.00"

Namba hizo sikuzitunga, ukiandika cvt 1920 1080 60 kompyuta inakupa zilezile. Njia hii inafanya kazi, nimeitumia, lakini inasahaulika ukizima mashine, na kuifanya idumu itabidi uiandike kwenye faili la .xprofile. Kama ni duka la kazi za kila siku, mimi ningenunua waya. Amri hizi nazihifadhi kwa siku ya dharura.

Wengine watakushauri kadi ya picha. Huihitaji. Na kama boksi lako ni lile jembamba, kadi za kawaida haziingii, zinaingia zile fupi za nusu kimo tu, na pawasapulai yake ni ya wati 240. Zaidi ya hayo, mashine nyingi ukizipa kadi zinazima matundu ya ubao mama, kwa hiyo ukiacha kioo kimoja kwenye tundu la zamani kitakufa giza na utarudi kuilaumu Linux. Zile adapta zinazotoa picha kupitia USB nazo zinataka draiva ya ziada, yaani programu ya kuendesha kifaa, na kila kerneli, kiini cha Linux, inapopanda toleo unaweza kuamka hazifanyi kazi. Zinamfaa asiye na tundu jingine. Wewe unalo.

Swali ambalo hukuuliza ila najua litakuja: kioo cha pili kitaifanya mashine iwe nzito? Picha moja ya 1920 kwa 1080 inachukua takriban megabaiti 8 za kumbukumbu. Tabo moja ya mtandao inakula mara nyingi ya hizo. Mashine ikiwa nzito, hesabu tabo kwanza.

Kwa wanaosoma hapa na wana kompyuta tofauti na ya dada huyu, mawili tu. Kama xrandr inakuonyesha kifaa kimoja kiitwacho default au None-1, andika cat /proc/cmdline utafute neno nomodeset. Mafundi huliweka wakati wa kusimika mfumo ili kioo kisiwe cheusi, hasa kwenye kadi za NVIDIA, halafu hulisahau, na likiwepo kompyuta haiwezi kuendesha vioo viwili sawasawa. Linaondolewa kwenye faili la /etc/default/grub, kisha sudo update-grub, baada ya kuweka draiva inayofaa. Na kama mfumo wako unatumia Wayland, njia mpya ya kuchora picha kwenye kioo, kama Ubuntu za siku hizi, xrandr haitakusaidia kupanga, tumia dirisha la mipangilio.

Lini umwite fundi aje dukani? Ukiwasha na tundu mojawapo halionyeshi kitu kwa vioo vyote viwili, hata ukibadilishana nyaya, huku vioo hivyohivyo vinawaka kwenye tundu jingine, tundu hilo linaweza kuwa limekufa. Ukichungulia ukaona pini imepinda, usiinyooshe na sindano. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa ukutani, usijaribu tena. Na mtihani mmoja unaomaliza ubishi: kioo kikiwa ndicho pekee kilichochomekwa na hakionyeshi hata ile alama ya Dell inayokuja kabla mfumo haujaanza, tatizo liko kwenye chuma au waya. Wakati huo Linux ilikuwa haijaamka.

Yeyote atakayekuja, kabla hajagusa, nakili kazi za wanafunzi kwenye diski ya nje. Akisema ni lazima apige Windows, mwombe kwanza awashe mashine kwa flashi ya Mint bila kusimika chochote, achomeke vioo kwenye matundu mawili, uone mwenyewe. Inachukua dakika kumi.

Ile spilita usiitupe. Ukitaka mwanafunzi aliyekaa upande wa pili wa kaunta aone unachochapa na akusahihishe jina la msimamizi wake papo hapo, kioo cha tatu cha bei ndogo kikiwa kwenye spilita pamoja na kile unachochapia kitafanya kazi hiyo. Kitafute chenye 1920 kwa 1080, ukungu usirudi.